Devi na Ngeli za Kiswahili: Tatizo la Kutafsiri Devi Mahatmya katika Lugha Iliyopita Njia ya Tabora

1.0 Utangulizi

Katika maandishi ya Kiswahili yanayogusa dini za Asia, jina Devi hufasiriwa kwa kirai kimoja: mungu wa kike. Kirai hiki kimezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kukihoji. Makala hii inakihoji. Inadai kwamba kirai hicho kinapotosha maana ya Devi kama anavyoelezwa katika matini kongwe kuliko zote zinazomtukuza yeye peke yake, yaani Devi Mahatmya. Inadai pia kwamba Kiswahili kina njia nyingine ya kumwelekea, iliyomo ndani ya sarufi yake yenyewe na isiyodai kuazima chochote kutoka lugha zenye jinsia ya kisarufi.

Devi Mahatmya, ambayo jina lake laweza kufasiriwa kuwa “Utukufu wa Devi”, ni sehemu ya Markandeya Purana, sura ya 81 hadi ya 93. Imetungwa kwa Kisanskriti, na wataalamu wengi huiweka katika karne ya 5 au ya 6 BK. Ina sura 13, na kwa hesabu ya mapokeo beti zake ni 700. Ndiyo sababu huitwa pia Durga Saptashati, yaani mia saba za Durga. Ipo matini nyingine ya baadaye na kubwa zaidi, Devi Bhagavata Purana, yenye vitabu 12 na beti zinazohesabiwa kuwa 18,000, ambayo inazisimulia upya hadithi zilezile kwa mapana. Hapa imechaguliwa ile kongwe na fupi, kwa kuwa ndiyo inayosomwa katika siku tisa za Navaratri, sikukuu ambayo Wahindu wenye asili ya Gujarati na Kutch wameiadhimisha Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa.

Huenda msomaji akauliza Tabora inaingiaje katika suala la Kisanskriti. Jibu ni kwamba njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji, ndiyo iliyokieneza Kiswahili bara. Na katika mizigo ya njia hiyo yalikuwamo maneno mengi ya Kihindi na Kigujarati. Yapo maneno yaliyobebwa na yapo yaliyoachwa pwani. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo mzizi wa tatizo la mfasiri.

2.0 Kilichobebwa na kilichoachwa

Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamekwishategemea fedha na watu wa Baniani wa Zanzibar. Ladha Damji, wakala wa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji kutoka Kutch, nyumba iliyokodi ushuru wa forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, alishiriki katika kuuandaa msafara huo. Miongoni mwa waliofuatana nao lilikuwamo kundi la watumwa waliokodishwa na karani mmoja Mhindu wa forodha aliyeitwa Ramji. Burton anawaita wana wa Ramji. Ramji mwenyewe hakwenda. Fedha yake ilifika Unyanyembe na jina lake pia lilifika, likiwa limebebwa na watu aliowamiliki, lakini yeye na ibada yake walibaki pwani.

Wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Tabora wakati huo hawakuwa Wahindu. Anayejulikana zaidi ni Musa Mzuri, Khoja kutoka Surat, ambaye mwaka 1861 alimkaribisha Speke nyumbani kwake. Huyu alikuwa Mwislamu, na lugha ya dini yake ilikuwa na msamiati ambao Kiswahili kilikuwa tayari nao. Wahindu walianza kusogea bara kwa wingi baadaye sana, hasa baada ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912. Isitoshe, kwa muda mrefu Wahindu wa pwani waliwaacha wake zao Kutch na Kathiawar. Ibada ya Devi ina makao nyumbani, penye taa, nyimbo na ngoma ya duara ya wanawake. Mtu aliyeishi ugenini na daftari lake la hesabu hakuwa na nyumba ya namna hiyo. Matini yenyewe ilisomwa kwa Kisanskriti na makuhani, na wala Wahindu hawakuwa na desturi ya kuwaalika majirani waingie katika dini yao. Haikutokea haja ya kuieleza kwa Kiswahili.

Matokeo yanaonekana katika kamusi. Kutoka lugha za Bara Hindi Kiswahili kilipokea pesa, rupia, laki, hundi, bima, cheti, gunia, gari na bepari. Kilipokea doti, kutokana na dhoti, vazi la kiunoni, neno ambalo katika njia ya misafara lilikuwa kipimo cha kitambaa cha mikono minane na sarafu ya kulipia hongo kwa watemi, na ambalo hadi leo hutumika kuhesabia khanga. Ni vigumu kutaja hata neno moja la ibada la asili hiyo lililoingia katika matumizi ya jumla. Mhindu mwenyewe aliingia katika lugha kwa jina la kazi: Baniani linatokana na neno la Kigujarati la kumtaja mtu wa tabaka la wafanyabiashara, na methali inayomtaja, “Baniani mbaya kiatu chake dawa”, inamfahamu kwa kiatu tu.

Hata hivyo maneno ya biashara yana mizizi yake. Rupia inatokana na rupya ya Kisanskriti, fedha iliyopigwa chapa, ambayo nayo hutokana na rupa, yaani umbo. Laki inatoka kwenye laksha, na mzizi wake, wenye maana ya alama, ndio unaohusishwa pia na jina Lakshmi. Mwaka 1916, vita vilipoikata koloni ya Wajerumani na bahari, ilitengenezwa papo hapo Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Neno lililochorwa juu ya dhahabu hiyo ni ndugu wa neno linalorudiwa ubeti baada ya ubeti katika utenzi maarufu wa sura ya tano ya Devi Mahatmya, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5.0. Undugu huo haukumfaa mtu yeyote wa Tabora, kwa kuwa maneno yaliyosafiri pamoja na mizigo yalikuwa yamekwisha kuiacha maana yake ya kale njiani, au tuseme nyumbani.

3.0 Mfanyabiashara msituni

Jambo la kustaajabisha ni kwamba matini hii iliyoachwa pwani na wafanyabiashara inamhusu mfanyabiashara. Hadithi ya nje, inayozibeba hadithi nyingine zote, inaanza na mfalme Suratha aliyeshindwa vitani na kuporwa hazina na mawaziri wake mwenyewe. Anapanda farasi kana kwamba anakwenda kuwinda, asirudi. Katika makazi ya mtawa Medhas msituni anakutana na Samadhi, mfanyabiashara aliyefukuzwa na mkewe na wanawe kwa uroho wa mali yake. Wote wawili wanagundua jambo moja la ajabu: wanaendelea kuwawaza kwa huruma watu waliowatupa. Mfalme anawaza tembo wake kama analishwa. Mfanyabiashara anawaza wanawe kama ni wazima. Wanamwuliza mtawa kwa nini watu wenye akili timamu wanafungwa hivi, naye anawajibu kwamba ni kazi ya Devi, Mahamaya, anayewafumba hata wenye hekima. Hadithi za vita dhidi ya majitu zinafuata kama maelezo ya jibu hilo. Mwishoni wanaume hao wawili wanamwabudu kwa miaka mitatu kando ya mto kwa sanamu ya udongo, naye anawatokea. Mfalme anaomba ufalme wake. Mfanyabiashara anaomba maarifa yatakayomwondolea “mimi” na “yangu”.

Mfasiri anakwama mapema, kwenye jina la kazi ya Samadhi. Matini humwita vaishya. Neno la Kiswahili lililo karibu zaidi kwa nasaba ni bepari, kutokana na vepari ya Kigujarati, mfanyabiashara. Lakini tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotaja ubepari pamoja na ukabaila kama mifumo ya unyonyaji, bepari si mfanyabiashara tena bali ni adui. Neno la pili, tajiri, nalo ni la Kiarabu na maana yake ya asili ni hiyohiyo ya mfanyabiashara. Katika njia ya misafara tajiri alikuwa mwenye mali na mwajiri wa wapagazi. Sasa ni mtu mwenye fedha nyingi. Kwa hiyo maneno mawili makongwe ya kazi hii yamehama yote, moja likaenda kwenye kiasi cha fedha, jingine likaenda kwenye hukumu. “Bepari aliyefukuzwa na wanawe” ni kichekesho. “Tajiri aliyefukuzwa na wanawe” ni kitendawili, kwani tayari wamemnyang’anya. Kinachobaki ni mfanyabiashara, neno refu lisilo na historia, na pengine ukosefu huo wa historia ndio unaolifanya lifae.

Ombi lake ni zito zaidi kisarufi. Kisanskriti huunda nomino dhahania kutokana na neno “yangu”, na nomino hiyo husimama peke yake. (Neno lenyewe ni mama, na mwanafunzi anayelisoma kwa mara ya kwanza hushawishika kuliunganisha na mama wa Kiswahili, ni sadfa tupu.) Katika Kiswahili mzizi -angu hauwezi kusimama bila kiambishi cha ngeli ya kitu kinachomilikiwa: changu, langu, wangu, yangu. Hakuna “-angu” isiyo ya kitu fulani. Hili laonekana kuwa upungufu, lakini tazama jinsi nomino za ukoo zinavyofanya. Ingawa ndugu na jamaa hupatana na vitenzi kwa A-WA, umilikishi wake ni wa ngeli ya I-ZI: ndugu yangu, jamaa zangu, baba yangu, sawasawa na mali yangu na fedha zangu. Kiambishi kimoja kinamshika ndugu na fedha pamoja. Samadhi aliyepoteza mali akabaki anawalilia jamaa, anapoomba aondolewe “yangu”, katika Kiswahili anaomba aondolewe vyote viwili kwa silabi mbili, bila mfasiri kueleza lolote. Mke wangu na watoto wangu hawaingii katika mpangilio huu, ni kweli. Na mfasiri mwangalifu atatumia jamaa mahali hapo.

4.0 Upungufu wa “mungu wa kike”

Mungu ni nomino yenye tabia ya pekee. Umbo lake la wingi, miungu, linaiweka pamoja na mti na mlima, ilhali upatanisho wake katika umoja ni wa viumbe wenye uhai: Mungu ameumba, Mungu anajua. Kiambishi a- hakisemi chochote kuhusu jinsia. Mwislamu na Mkristo wa Tabora huweza kuzungumza juu ya Mungu siku nzima bila sarufi kuwalazimisha waseme kama ni wa kiume au wa kike, jambo ambalo msemaji wa Kiarabu, Kiingereza au Kisanskriti haliwezi kwa urahisi huo. Majina ya Kinyamwezi yanaikariri hali hii kwa njia nyingine: Likube, Limatunda na Liwelelo, majina ya Mungu mkuu, yana kiambishi awali kilekile cha limi, jua. Muumba amewekwa upande wa jua na ulimwengu, si upande wa mwanamume au mwanamke.

Kirai “wa kike” kinapoongezwa, usawa huo huvunjika. Katika mtoto wa kike na mtoto wa kiume pande zote mbili zimetiwa alama. Katika mungu hali si hiyo; “mungu wa kiume” husikika tu pale ambapo “mungu wa kike” amekwisha kutajwa. Kwa hiyo mungu wa kike huwa namna maalumu ya mungu, tawi lililotoka kwenye shina ambalo halitajwi. Maana hii huenda ikawafaa wake wa miungu katika visasili vya Wayunani. Haimfai Devi wa Devi Mahatmya.

Sura ya kwanza inaonyesha kwa nini. Ulimwengu umezama katika maji, Vishnu amelala juu ya nyoka, na majitu mawili, Madhu na Kaitabha, yanataka kumwua Brahma. Brahma hamwamshi Vishnu. Anamwomba Devi, ambaye ndiye usingizi uliomo machoni mwa Vishnu, aondoke. Anapoondoka Vishnu anaamka na kupigana. Mungu mwenyewe yumo katika uwezo wake, si yeye katika uwezo wa mungu. Katika sura ya pili, miungu iliyoshindwa na jitu la umbo la nyati, Mahisha, inaghadhibika; nuru inatoka katika nyuso zao, inakusanyika na kuwa mwanamke mmoja, nao wanampa silaha zao. Wasomaji wa haraka hudhani kwamba hapa miungu imemzaa. Matini imekwisha kuonya katika sura ya kwanza kwamba yeye ni wa milele, na kwamba husemwa amezaliwa kila anapojitokeza kuitimiza kazi ya miungu. Kitenzi cha Kiswahili kinachofaa ni dhihirika na si zaliwa. Mnyambuliko wa -ik- unaeleza tokeo bila kumtaja mtendaji, na kwa kisa hiki huo ndio usahihi unaotakiwa.

Pendekezo la makala hii juu ya jina ni jepesi: aitwe Devi. Neno lina silabi wazi mbili, halihitaji kutoholewa zaidi, na litapatana kwa A-WA kama jina lolote la mwenye nafsi. Pale ambapo matini inamwita mama, aitwe Mama, jina ambalo Mtanzania humpa kwa heshima mwanamke yeyote mtu mzima na ambalo halina harufu ya mimbari yoyote. Suala hili si la kamusi tu. Wahindu ni raia wa nchi hii, mahekalu yao yako katikati ya miji, kama yale ya Kisutu, Dar es Salaam, na vitabu vinavyosomwa na watoto wao pamoja na wenzao vinaieleza imani yao kwa maneno ambayo mengi yalitungwa kwa ajili ya kuikanusha: sanamu, kafiri, miungu.

Kwa majitu, yaani asura, neno shetani liepukwe kwa sababu hiyohiyo: lina nafasi yake maalumu katika Kurani na Biblia, na asura ni jamaa wa miungu wanaogombea nao utawala wa mbingu. Jitu linatosha. Mahisha ni nyati wa majini, mnyama anayefugwa; msomaji wa Unyamwezi atamwona mbogo wa porini, anayeogopwa na wawindaji kuliko simba, na kosa hilo la kizoolojia litaisaidia hadithi.

5.0 Usingizi, njaa, haya

Kiini cha tatizo kimo katika sura ya tano. Miungu, iliyoshindwa safari hii na Shumbha na Nishumbha, inakwenda Himalaya na kumsifu Devi kwa utenzi ambao kila ubeti wake unataja hali moja iliyomo katika viumbe na kuihesabu kuwa ni umbo, rupa, la Devi, kisha hufuata salamu ya kuinama. Orodha ni ndefu: fahamu, akili, usingizi, njaa, kivuli, uwezo, kiu, uvumilivu, haya, utulivu, imani, uzuri, Lakshmi ambaye ni neema ya mali, kumbukumbu, huruma, kuridhika, mama, na mwisho bumbuazi au kukosea.

Katika Kisanskriti nomino zote hizo ni za jinsia ya kike. Si ajabu sana. Viambishi tamati -ti na -a ndefu vya lugha hiyo huunda nomino dhahania za kike kwa wingi, kama vile u- ya Kiswahili inavyounda uzuri, utulivu na uwezo. Mtunzi aliikuta sarufi imekwisha kumwandalia hoja, akaitumia: ikiwa njaa ni “yeye wa kike”, na haya ni “yeye wa kike”, na kumbukumbu vilevile, basi ni nani huyo mmoja anayeitikia majina yote haya? Upatanisho wa kisarufi unafanya kazi ya teolojia.

Kiswahili kinautawanya mkusanyiko huo. Usingizi unakuja, njaa inauma, kivuli kinafuata, kosa linatokea, mama anaita, kuridhika kunapatikana. Mfasiri wa kwanza atakayejaribu atahesabu ngeli sita na kukata tamaa. Dawa ambayo hujitokeza haraka, ya kuzipa nomino zote upatanisho wa A-WA kama katika ngano ambamo Ukweli anamwambia Uongo neno, inazigeuza hali hizo kuwa wahusika, kundi la watu kumi na kitu, ilhali utenzi unasema ni mmoja.

Lakini Kiswahili kina tabia ambayo Kisanskriti haikiitumii kwa kiwango hicho, nayo haijapewa uzito unaostahili katika mjadala wa tafsiri. Hali za nafsi na mwili, katika Kiswahili cha kawaida, ndizo kiima. Mtu ni yambwa. Usingizi umemchukua. Njaa inamwuma. Kiu imemshika. Haya imemwingia. Huruma imemjaa. Hasira zimempanda. Mtu hamiliki hali hizi, zinamtenda. Msemaji anaweza kusema “nina njaa”, naam, lakini hata hapo njaa ni mwandani wake, yuko nayo. Mtu asiyejua lolote kuhusu Devi husema kila siku kwamba kuna nguvu zilizomo ndani ya viumbe ambazo si wao, ambazo huja na kuwachukua. Utenzi wa sura ya tano unasema jambo hilohilo, kisha unaongeza moja: nguvu hizo zote ni mmoja.

Kwa hiyo pale Kisanskriti kinapoanzia na jinsia ili kufikia umoja, Kiswahili kianze na utendaji. Mpangilio unaopendekezwa ni wa kutumia muundo wa hali-kiima katika kila ubeti, kila nomino ikibaki na ngeli yake, na kulitaja neno umbo kama kiungo kinachorudi. Msomaji atazisikia ngeli zikibadilika na umbo likibaki. Badiliko hilo, ambalo katika nadharia ni hasara, katika kusikika lina faida: linaonyesha wingi wa nyuso, jambo ambalo jinsia moja ya Kisanskriti inalificha.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza inahusu vitenzi. Ingia, shika na panda vinadokeza kitu kinachotoka nje, na panda hasa ni kitenzi cha pepo: hasira zimempanda, pepo amempanda. Katika Unyamwezi, ambako chama cha Buswezi na watu wanaopandwa na mizimu ni sehemu ya historia ya dini, msomaji atakwenda huko moja kwa moja. Kitenzi cha Kisanskriti katika utenzi kina maana ya kukaa mahali, kutulia, kuwa pamewekwa. Devi haji wala haondoki katika viumbe, yumo. Mfasiri aanze na muundo wa hali-kiima ili msikilizaji aitambue nguvu, kisha amalizie kwa -mo au -mekaa: njaa inayowauma viumbe, imo. Hapo lugha inatoka kwenye ziara na kuingia kwenye makazi.

Tahadhari ya pili ni juu ya sala ya Brahma, ambako Devi anaitwa Usingizi moja kwa moja. Katika usimulizi mfasiri lazima achague: usingizi ulimwacha Vishnu, au Usingizi alimwacha Vishnu? Uamuzi wowote unapoteza kitu, ama nafsi ama hali. Katika sala yenyewe, hata hivyo, uamuzi hauhitajiki. Kiambishi cha nafsi ya pili umoja ni u-, na kiambishi cha ngeli ya usingizi ni u-. “Usingizi, umwache” ni amri kwa wewe na ni kauli juu ya usingizi kwa pumzi moja. Hali hii hujitokeza pia kwa uwezo, utulivu, uzuri, uvumilivu na msamaha. Ni sadfa ya fonolojia, kama ile ya mama, lakini sadfa hii inatumika, na mfasiri anayechagua uwezo badala ya nguvu, au utulivu badala ya amani, ataipata mara nyingi zaidi. Njaa, haya na huruma hazimo; hizo zitasemwa kwa nafsi ya tatu, zikiwa mbali kidogo.

Imebaki hali ya mwisho katika orodha. Wafasiri wa lugha za Ulaya huiita kosa au udanganyifu, na wengi wao huonekana kuona haya kidogo kwamba kosa nalo limehesabiwa kuwa umbo la Devi. Kosa la Kiswahili ni kitu mtu anachokifanya: amefanya kosa, amekosa. Hapo muundo wa hali-kiima unakatika, na Devi anageuka kuwa hatia ya mtu. Neno linalofaa ni bumbuazi, ambalo haliwezi kufanywa na mtu bali humpiga: amepigwa na bumbuazi. Ndilo lililompiga mfalme aliyemwaza tembo wa adui zake, na mfanyabiashara aliyewalilia wanawe waliomfukuza. Na mtawa Medhas, alipoulizwa limetoka wapi, alilitaja jina la Devi kabla ya kuanza kusimulia vita vyovyote.